Ishara Namba Tisa

Dative alinyoosha mkono kwa mara ya tatu wiki hiyo, akamkazia macho muzee Pontien, fundi wa maabara ya kliniki yao ndogo ya mtaa wa Kamenge.

“Damu yangu mumeshatoa mara mbili, na mara mbili munasema jibu imepotea. Leo ni ya mwisho. Ikipotea tena mi narudi kwangu Mutakura, na ile operesheni mumufanyie mutu mwengine.”

“Mashini imezeeka, mama,” Pontien alisema kwa upole, akachoma sindano.

Elsa alisikia yote akiwa mlangoni, na aibu ikampanda hadi masikioni. Programu inayopokea majibu kutoka kwenye mashine ya damu aliiandika yeye. Mashine ile hutuma jibu mara moja tu, kisha hulisahau. Programu huyashika majibu kichwani mpaka yatimie ishirini, ndipo iyaandike kwenye diski. Na ikifungwa kabla, huandika yale yaliyobaki. Sasa yanapotelea wapi? Swali hilo lilimkera, na tuseme ukweli, lilimfurahisha pia, maana Elsa ni mtu wa kupenda mafumbo kuliko chakula.

Alikuwa ameshagundua jambo moja: majibu yote yaliyopotea yalikuwa ya kabla ya saa sita, wakati Pontien anapofunga programu ili kliniki ihamie kwenye jenereta. Akaketi na kompyuta yake, akawasha nakala ya programu na kuipa majibu machache ya kujaribia.

Programu inayofanya kazi huweza kutumiwa ishara, na kila ishara ina namba yake. Alituma kumi na tano, ile inayosema: maliza shughuli zako, uondoke. Programu ilikawia sekunde nane, ikahifadhi kila kitu, ikajifunga. Safi. Akaiwasha tena, akaipa majibu mapya, akatuma tisa. Ikatoweka papo hapo, na kwenye diski hakukuwa na hata jibu moja jipya.

“Enhe!” alisema peke yake.

Akaandika mistari ya kuifundisha programu iisikie tisa na kuhifadhi kwanza. Kompyuta ilikataa. Akajaribu kwa njia nyingine, ikakataa tena, naye akacheka kwa sauti. Tisa haifiki kwenye programu hata kidogo! Mfumo wa kompyuta wenyewe huing'oa programu tu, nayo haipati nafasi ya kujua kilichoipata. Angeweza kulishangaa jambo hilo mpaka jioni, lakini macho yake yakaangukia saa ya ukutani. Zilibaki dakika mbili kufika saa sita, na damu ya Dative ilikuwa imeshapimwa.

Alikimbia. Pontien alikuwa ameshainamia kibodi.

“Muzee, ngoja! Unafungaka namna gani?”

“Na ile tisa. Kumi na tano nilijaribu zamani, inakawia, programu inakataa. Tisa haina maneno mingi.”

“Apana, muzee, haikatai. Inaandika majibu. Ndiyo sababu inakawia.”

Pontien alitoa vidole kwenye kibodi taratibu. “Inakawia segonde ngapi?”

“Munane.”

Akaandika kumi na tano. Wote wawili wakakodolea kioo macho, huku mtu wa jenereta akiwapigia kelele uani. Programu ikajifunga. Elsa akafungua faili: majibu kumi na moja, la tano la Dative, na damu yake ilitosha kwa operesheni.

Furaha ilimtoa Elsa maneno kama bomba lililopasuka. Kuanzia kesho kila jibu litaandikwa mara linapoingia, hata tisa ije mara mia! Pontien hakuwa akisikiliza. Alivua miwani.

“Segonde munane,” alisema. “Na mi namuambia yule mama mashini imezeeka.”

Alitoka hadi kwenye ukumbi, alikokaa Dative akibana pamba kwenye mkono. Akaketi naye kwenye benchi, jambo ambalo Elsa hakuwahi kumwona akimfanyia mgonjwa.

“Mama, si mashini ilipoteza majibu yako. Ni mi. Mara zote mbili.”

Dative aliacha kubana pamba.

“Na leo?”

“Leo nilingoja.”