Nta ya Gari la Bwana Fosta

Kila Ijumaa asubuhi Mwishehe alilitoa gari jeusi la Bwana Fosta bandani, akaliosha, akalikausha, kisha akafungua kopo la nta. Aliipaka kwa vidole, maana kitambaa hunyonya. Akaiacha ikauke hadi iwe na ukungu, ndipo akasugua kwa flana mpaka akaona meno yake mwenyewe mlangoni.

Kazi hiyo aliipata mwaka vijana wa jeshi la Keya waliporudi kutoka vitani Burma. Bwana Fosta alimweleza ubaya wa Ostabei: chumvi ya bahari hula bati, jua hupausha rangi, kinyesi cha kunguru huchimba, utomvu wa mkorosho huunguza. Nta ndiyo dawa. Gari likipakwa vizuri, hakuna kinachoshika. Mwishehe, kwa kuitaka kazi, akaweka mkono juu ya boneti na kuapa: "Lolote litakalotaka kuligusa gari hili, Bwana, linipate mie na nyumba yangu." Maneno ya kuombea kazi, jamani, nani asiyeyasema? Lakini yalisikika.

Mvua ya kwanza ya masika ilipolifikia gari, ilikata kona, ikaenda Temeke na kunyesha ndani ya chumba cha Mwishehe. Paa lilikuwa zima, makuti mapya. Mkewe, Tunu, alisogeza kitanda, mvua ikasogea naye. Jirani yao Jamali akawaazima ndoo.

Vilivyobaki vikafuata. Chumvi ilimpasua Tunu midomo. Jua lilimpausha akiwa kivulini. Siku utomvu wa mkorosho ulipodondokea madigadi na kuteleza, yeye alikuwa jikoni kwake anakuna nazi. Akashika shavu. Liliungua, likaacha baka.

"Leo umeegesha chini ya mkorosho," alimwambia mumewe aliporudi.

"Bwana alikuwa na wageni. Hapakuwa na nafasi."

"Haya. Chakula kipo."

Mwishehe mwenyewe hakupatwa na kitu. Nta ilikuwa imemwingia mwilini kupitia vidole, na mvua ilimkwepa akiwa juu ya baiskeli. Hilo lilimtia aibu. Akajipa moyo, akamwendea Bwana Fosta barazani, akamweleza kila kitu na kuomba nta kidogo tu, ya kumpaka mkewe.

Bwana Fosta alisikiliza mpaka mwisho, kwani alikuwa mtu wa adabu. "Kwa hiyo inafanya kazi," akasema kwa furaha. "Lakini nta ya gari ni ya gari, Mwishehe."

Angeweza kuchota kidole kimoja. Nani angejua? Kopo lilikuwa mikononi mwake yeye. Lakini Ostabei nzima walimsifu Mwishehe kuwa mwaminifu, na sifa ile ilikuwa imemlevya, masikini. Kila jioni alikwenda bombani akanawa kwa mafuta ya taa na sabuni, vidole mpaka kwenye kucha, asije akaondoka na mali ya mtu.

"Kopo mie silitaki," Tunu alimwambia. "Siku moja tu rudi bila kunawa, unishike uso. Hiyo inayobaki vidoleni ni ya nani?"

"Ya Bwana."

"Mwishehe wee! Na mie je, ni wa nani?"

Kesho yake Mwishehe alisimama mbele ya bomba muda mrefu, maji yanamwagika. Kisha akanawa.

Kipupwe kilipoingia, chumvi ikamshuka Tunu kifuani. Alianza kukohoa kutu. Kanga zake zikawa na madoa mekundu yasiyotoka, naye akawa anazianika nyuma ya nyumba, mumewe asizione. Mwishehe aliziona. Akawa anamnunulia asali.

Ijumaa moja Jamali alifika Ostabei kwa baiskeli, akamkuta amepiga magoti kando ya gurudumu, mikono imejaa nta. "Twende nyumbani," akasema. "Tunu anakuita."

Mwishehe aliliacha kopo wazi. Bomba alilipita bila kulitazama. Alipofika Temeke, kina mama walikuwa wameshamfunika.

Akaomba apishwe. Akamfunua mkewe, akampaka mashavu yote mawili, paji la uso, midomo, mikono, taratibu, kama alivyozoea kupaka milango ya gari. Akalia kwa sauti, mtu mzima yule. "Nisamehe, Tunu. Kidole kimoja tu! Kidole kimoja kilinishinda!"

Waliomwosha walisema maji hayakuwa yanakaa mwilini, yanateleza tu. Wakaongeza mtungi, wakamaliza. Alizikwa alasiri.

Masika yakarudi, makaburi yote yakalowa. La Tunu lilibaki kavu, mchanga wake mpya kama wa siku ile. Wachimba kaburi waliona faida yake, wakawa wanalaza majembe yao pale yasishike kutu.

Bwana Fosta alimpa Mwishehe pole. Kisha akamweleza, bila ukali, kwamba kopo lililoachwa wazi lilikuwa limekauka lote, akamkabidhi jipya. Mwishehe akapaka. Gari liling'aa hata wageni wakauliza limenunuliwa lini. Mvua yake iliendelea kunyesha Temeke, ule upande wa kitanda aliokuwa akilala Tunu.

Jioni, kabla ya kupanda baiskeli, Mwishehe alikwenda bombani akanawa mikono.