Ukwaju na Wimbo Wao

Mcheza kwao hutuzwa, walisema wahenga. Wahenga hao hawakuwahi kupiga gitaa Msambweni. Huku, mcheza kwao huulizwa kwanza ataolewa lini, kisha huambiwa apunguze sauti.

Hanifa alikuwa ameambiwa yote mawili kabla hajatoa maikrofoni mkobani. Ilikuwa alasiri ya kupambwa kwa Esha. Ua mzima ulikuwa umezungushiwa turubai la buluu, na ndani hakukuwa na ila wanawake: mabuibui yamevuliwa, dhahabu imetoka kabatini, simu zimekusanywa kwenye beseni mlangoni.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Nyimbo za watu, Hanifa," alisema Bi Mwanatumu, shangazi wa bibi harusi na mwenye shughuli. "Zile tunazozijua. Hizo zenu za kuungaunga mtaimbiana hukohuko Ukunda."

Nyimbo za watu! Miaka miwili Ukwaju walikuwa wamepiga nyimbo za watu, kutoka Tiwi hadi Msambweni, na hakuna aliyewahi kuuliza jina la bendi. Waliitwa wale wa muziki. Nyimbo zao wenyewe zilikuwa saba, na wasikilizaji wake walikuwa kuta za chumba cha Ummi, mpiga kayamba wao, na mbuzi wa jirani. Wa kwanza kati ya hizo ulikuwa "Mchongoma". Kiitikio chake alikitunga Esha mwenyewe, nyuma ya daftari la bayolojia, siku walizokaa dawati moja na Hanifa kule sekondari, Kwale. Juzi alikuwa ametuma ujumbe: "Usipoupiga wetu, usije."

"Na huyo mwanamume je?" aliuliza mama mmoja, akiutazama waya uliopita chini ya turubai.

Kitheka, mpiga gitaa, alikuwa huko nje, ameketi juu ya kreti la soda.

"Haoni kitu, mama," alijibu Ummi. "Gitaa halina macho."

Wakacheka, na shughuli ikaanza. Walipiga nyimbo nne za watu. Viuno vilizungushwa, vigelegele vikapigwa. Jukwaani Esha aliketi kama sanamu, mikono yenye hina magotini, macho chini. Ndiyo kazi ya bibi harusi siku hiyo: hatazami mtu, hacheki, hasemi. Akiinua macho tu, watu wataambiana mwezi mzima kwamba kwao hawakumfunza.

Wimbo wa nne ulipokwisha, Hanifa hakungoja kuagizwa wa tano.

"Sisi tunaitwa Ukwaju," alisema. "Mimi ni Hanifa, wa hapahapa. Mwenye kayamba ni Ummi. Yule nje anayeliwa na siafu ni Kitheka."

"Wameshafika gotini!" ilisikika sauti nyuma ya turubai.

"Na huu ni wetu."

Gitaa likaanza peke yake, jepesi, lenye haraka, kama mtu anayeteremka ngazi bila kushika ukuta. Ukambani kwa babu zake Kitheka kulikuwa kunasikika humo, na Ukunda alikozaliwa pia. Kisha kayamba la Ummi likaingia, matete yakichakacha kwa mapigo ambayo kila mwanamke pale aliyajua miguuni kabla ya kuyajua kichwani. Juu yake sauti ya Hanifa, kavu, isiyobembeleza. Haikuwa taarabu, haikuwa chakacha, wala haikuwa ya redioni. Vichwa viligeuka.

Bi Mwanatumu alikuwa tayari anakuja, leso mkononi, akikata kati ya viti. Kiitikio kikamwahi:

*Nikikaa kimya, mwasema nimekoma,*
*nikiota miba, mwaniita mchongoma.*

Sauti zilikuwa mbili. Esha alikuwa ameinua uso. Alimtazama Hanifa, akawatazama wanawake wote, akaimba kwa nguvu, hina na dhahabu na kila kitu.

Bi Mwanatumu aling'oa waya ukutani. Gitaa likazimika, maikrofoni ikafa. Kayamba halina waya. Esha naye hana. Waliumaliza ubeti, na nyuma kabisa wasichana watatu wakaurudia.

Bi Mwanatumu akauchomeka waya tena, kwa sababu alilotaka lisikike, alitaka lisikike hadi barabarani.

"Chukua hiyo maikrofoni uombe radhi. Umemtoa bibi harusi haya mbele ya wakwe zake. Huombi? Basi hapa hadi Lungalunga hampigi tena, wallahi."

Hakuwa akitisha bure. Hakuna harusi iliyopangwa upande ule bila yeye kupigiwa simu.

"Sema tu, Hanifa," Ummi alinong'ona. "Ni neno moja, halikuchubui."

Hanifa alimtazama Esha. Macho yake hayakuwa yamerudi chini. Akaishika maikrofoni.

"Shangazi, nakuheshimu, na watu wote hapa wanajua. Ningekukanyaga mguu, ningekuomba radhi na mguu wenyewe ningeukanda. Lakini wimbo ni wetu, kiitikio ni cha Esha, na ameimba kwa kinywa chake mwenyewe. Harusi zenu tunyimeni. Radhi siombi."