Fomu ya Kukata Matawi

Mimi nimesoma mpaka darasa la saba, na katika ukoo wetu hiyo ilitosha kunifanya waziri. Barua ikija, naletewa. Dawa ikinunuliwa, mimi ndiye ninayesema vijiko vingapi. Wifi yangu, mke wa marehemu mdogo wangu, hajui hata a, na kwa miaka thelathini na mbili tuliyokaa ua mmoja nimehakikisha hasahau jambo hilo.

Kwa hiyo siku tulipoitwa ofisi ya msaada wa kisheria, nilitangulia mbele kama bwana harusi.

Ofisi yenyewe ni vyumba viwili juu ya duka la rangi, na kesi zote za pale zinanuka rangi mbichi. Nje ya mlango kuna benchi, na siku hiyo walikaa hapo watu wa familia nyingine tatu zilizofiwa kwa moto kama sisi. Moto ule ulikula watu sita. Ulianzia kwenye nguzo iliyo nyuma ya nyumba yetu, mchana wa upepo, waya wa umeme ukipigana na matawi ya mikaratusi mpaka cheche zikadondoka kwenye nyasi kavu. Mdogo wangu alimtoa mkewe nje, akarudi kufungua mbuzi. Tulimkuta mlangoni mwa banda. Sitasema zaidi.

Kampuni ya umeme ilituma pole. Wiki mbili baadaye ikaandika kwamba mdogo wangu ndiye aliyewasha, ati alikuwa anachoma majani shambani. Tangu hapo wifi akienda bombani, waliofiwa wenzetu wanavuta ndoo zao pembeni, kama vile mume wake kawaulia watu wao. Hicho ndicho kilichotupandisha ngazi zile. Tulitaka jina lake lisafishwe, tulale.

Wakili wetu ni binti wa miaka thelathini hivi, hatulipishi hata senti, na viatu vyake vimelika upande mmoja. Ng'ambo ya meza alikaa wakili wa kampuni. Nilimpa jina la Bwana Manukato, maana harufu yake ilifika ikakaa kabla yake. Alitupa mkono wa pole, akatuita mama zangu, kisha akatoa karatasi laini mfukoni akajifuta vidole chini ya meza, kimoja kimoja. Alidhani hatumwoni. Mimi ni mfupi, mambo ya chini ya meza nayaona yote.

Halafu akatoa fomu. Iliandikwa kwamba miezi mitatu kabla ya moto, matawi yote yaliyo karibu na nguzo yetu yalikatwa, na mwenye nyumba amethibitisha. Chini kulikuwa na saini.

Wifi aliposomewa hakungoja mtu. "Hiyo wameghushi," akasema. "Mume wangu hakujua kuandika, na mimi ndio kabisa."

Wakili wetu akachangamka kama aliyeona maji. Akatuuliza, je, tuko tayari kuapa kwamba saini ile si ya mtu yeyote wa ua wetu?

Nikaitazama. Ilikuwa na mkia uliozunguka mara mbili na nukta katikati. Mkia huo nilijifunza darasa la sita, na hakuna mwingine anao.

Nilimkumbuka aliyekuja. Kijana wa pikipiki, shati lenye nembo ya kampuni, hana panga, hana ngazi, viatu havina hata vumbi. Akaniomba nimwekee saini tu, kuonyesha kwamba alifika. Visanduku vyote vya fomu vilikuwa vitupu. Niliposhika kalamu akasema, kumbe mama umesoma. Basi nikasaini kwa madaha, mkia ukazunguka kuliko siku zote. Jioni mdogo wangu akaniuliza nimesaini nini. Nikamwambia hayo ni mambo ya ofisi, hawezi kuyaelewa.

Ningeweza kusema siyo yangu. Wifi asingejua mpaka naingia kaburini. Lakini Bwana Manukato alikuwa ananitazama mimi, si wakili, na anatabasamu kwa midomo tu. Maelezo ya kesi yetu niliyoyasaini mwezi uliopita yalikuwa mbele yake, na mkia uleule chini. Alikuwa anasubiri niape uongo aviweke viwili hivyo sambamba mahakamani, na mdogo wangu azikwe mara ya pili.

"Ni yangu," nikasema.

Wifi akacheka, akidhani ni utani wangu wa kila siku.

"Ni yangu, wifi. Nilisaini fomu tupu. Halikukatwa hata jani."

Bwana Manukato akafunga kalamu yake. Akasema kwa upole kwamba mama amekiri saini, na hayo ya fomu tupu ni maneno yake yeye peke yake.

Wifi alisimama taratibu. "Miaka yote unanicheka sijui kusoma," akasema. "Kumbe anayejua kusoma ndiye hasomi. Nakuona kinyaa." Akatoka.

Mlango ule ni mwembamba. Tulimsikia akiwatangazia wote wa kwenye benchi. Wakili wa jikoni, ndivyo alivyoniita, na mengine yanayohusu umbile langu ambayo sitayaandika ingawa moja lilikuwa zuri. Kisha nikasikia mtu akiinuka benchini.

Aliporudi alikuwa amemshika mkono fundi baiskeli, aliyepoteza mama yake motoni. Fundi akasema, akitazama sakafu, kwamba na yeye alisaini. Pikipiki ileile, fomu tupu vilevile. Hajamwambia hata mkewe. Nyuma yake akaja mwalimu mstaafu, aliyezika wajukuu wawili, mtu aliyefundisha nusu ya mji kusoma. Akasema neno moja tu: "Nami."

Wakili wetu akaomba fomu zote. Bwana Manukato alikuwa nazo, za nguzo zote za mtaa, maana alizileta ili atumalize wote siku moja. Zikapangwa mezani. Saini zetu zilikuwa za wino mweusi, alama za kwenye visanduku zote za bluu, mwandiko mmoja. Tarehe nazo zilikuwa moja. Mtu mmoja, asubuhi moja, nguzo arobaini na tatu, bila panga.

Bwana Manukato akasema atawasiliana na mteja wake. Safari hii hakutoa mkono, akajiokolea karatasi laini.

Barua ilikuja baada ya wiki saba. Aliipokea wifi. Nikanyoosha mkono, akanipita kama nguzo, akampelekea fundi cherehani wa jirani, ambaye husoma kama anayekanyaga miiba. Nikasimama mlangoni bila kukaribishwa. Kampuni, bila kukubali kosa lolote, inaondoa madai kwamba marehemu aliwasha moto. Bila kukubali kosa lolote. Watu sita, na bado wanajifuta vidole.

Fundi alipofika kwenye jina la mdogo wangu, wifi akamwambia arudie. Akarudia. Akamwambia tena. Mara ya tatu fundi alilitamka vibaya, nikauma ulimi wangu.

Wifi akaikunja barua, akaitia kifuani. Akinipita mlangoni akasema bila kunitazama, "Chai ipo jikoni. Kikombe changu usikiguse."