Rangi Mbichi Ukutani

Ukuta ule ulikuwa umebeba nini? Binti mkubwa hakuwa na jibu, ndiyo maana alimwita injinia kabla fundi hajainua nyundo. Baba alitaka ukuta wa sebuleni ubomolewe, chumba kipanuke, mama ahamie chini. Tangu mguu wake upooze, ngazi zilikuwa zimemfunga ghorofani.

Injinia, mwanamke mfupi mwenye sauti ya taratibu, alipitisha kiganja ukutani, kisha akanusa vidole vyake.

"Mzee, rangi hii ni ya lini?"

"Jana, mwanangu," baba akajibu, kifua mbele. "Mgeni apokelewe kwenye nyumba chafu? Nimepaka mwenyewe."

"Na chini ya rangi kuna nini?"

Baba akajikuna kidevu. "Lipu."

"Lipu ya jana pia," fundi akachomekea. "Harufu ya saruji hata mimi naisikia."

"Wewe umeitwa kubomoa, si kunusa!"

"Mzee wangu," injinia akasema, "hii ni sawa na kwenda kwa daktari huku umelipaka jipu poda. Naomba nikwangue."

"Hukwangui kitu. Nyumba hii nimeijenga kwa jasho langu."

Tangu azaliwe, binti hakuwahi kumpinga baba yake mbele za watu. Aliuchukua mwiko mkononi mwa fundi, akakwangua. Lipu mbichi ilimeguka kama sabuni iliyolowa. Nyuma yake ukajitokeza ufa uliopanda mshazari kutoka dirishani hadi darini. Kidole chake kilizama ndani.

"Mwaka jana ulikuwa mwembamba kama unywele," baba akanong'ona.

"Basi unatanuka," injinia akasema. "Ukuta huu ndio ulioshika sakafu ya juu, nao umechoka. Nani analala huko juu?"

Juu ya vichwa vyao mkongojo uligonga sakafu.

"Jamani, mbona kimya? Mmemezwa na nani huko chini?" mama akauliza.

Vumbi likadondoka begani mwa baba. Hakulipangusa.

"Tungoje hata kesho, mwanangu," akasema. "Tukihama ghafla hivi, majirani watasemaje?"

"Waseme, baba." Binti aliwatazama wote watatu. "Ukuta haubomolewi. Mama anashuka sasa hivi, nitambeba mgongoni. Na leo hakuna anayelala humu ndani."