Damu ya Nyevu

Mwaka wa themanini na sita mwanangu Randu aliamka uso umevimba hata macho hayaonekani. Nikambeba mgongoni, nikamshika mkono dada yake Nyevu, tukatoka Magarini kwenda hospitalini Malindi. Nyevu hakuwa mgonjwa. Nilimchukua kwa sababu Randu hatulii bila yeye.

Alipoiona sindano, Randu alipiga mayowe hadi nikaona haya. Nikamwambia mpimaji wa damu, kijana wa Kikamba aitwaye Musyoka, "Mwanangu, mdunge dada mtu kwanza, huyu aone haiumi."

Nyevu akamwamkia shikamoo, akanyoosha mkono. Damu ikaingia katika kichupa. Randu kuona vile, naye akakubali.

"Hiyo ya Nyevu imwage," nikasema.

"Mama, damu ya mtoto haimwagwi hivi hivi. Nitazipima zote mbili."

Baadaye daktari alituita. Akasema figo za Randu zinavuja, ndiyo maana kavimba, lakini damu yake bado safi na dawa zitamponya.

"Mungu si Athumani!" nikasema kwa sauti.

Daktari hakucheka. Alikuwa anamtazama Nyevu. Akasema damu ya huyu imejaa uchafu ambao figo zilipaswa kuuchuja, na kwamba figo zake zimekwisha kuharibika sana.

Hasira zikanipanda. "Mmechanganya vichupa! Mgonjwa ni huyu aliyevimba! Huyu mwingine leo asubuhi kateka maji! Macho mnayo nyie?"

Daktari hakugombana nami. Nyevu alitolewa damu upya mbele yangu, nami nikamfuata Musyoka hadi mlangoni mwa chumba cha kupimia, nisije nikachezwa shere. Jibu likarudi lile lile.

"Anakula vizuri?" daktari akauliza.

Hata katika mshtuko ule nilijibu kwa fahari. "Huyu ni mtoto wa kheri, daktari. Fungu lake humwachia mdogo wake kila siku. Majirani wote wanamsifu."

Daktari akamwinamia. "Nyevu, kwa nini humwachia?"

Mwanangu alinitazama kwanza, kana kwamba anaomba ruhusa.

"Nikila natapika," akasema. "Na mama hufurahi nikimpa Randu."