Sukari Upande wa Kulia

Nilimaliza darasa la ngumbaru nikiwa na miaka sitini na mmoja, na cheti changu kinaning'inia sebuleni kwangu hapa Garsen, juu kidogo ya picha ya harusi. Kwa hiyo Kadra, binti wa kijiji cha Nanighi anayesomea shahada ya pili, alipotafuta mtu wa kutunza panya wake wa utafiti, mtu wa kusoma vipimo na kuandika tarakimu zisizofanana na nyayo za kuku, hakuhitaji kwenda mbali.

Panya walikuwa kumi na sita, weupe, kila mmoja na kizimba chake. Wanane walidungwa vijidudu vya homa, wanane maji ya chumvi tu. Kadra alitaka kujua jambo moja: homa ikishaondoka, huzuni hubaki?

"Panya hawezi kukwambia ana huzuni, Babu," alinieleza. "Lakini panya mwenye raha hupenda sukari. Kila kizimba kina chupa mbili, ya maji matupu na ya maji ya sukari. Akiacha kuichagua sukari, ujue raha imemtoka."

Nilimwelewa mara moja. Mwaka juzi malaria iliponiachia, nilikaa mwezi mzima nikiisukuma chai kando.

Rafiki yangu Godhana, mfugaji, alicheka hadi kilemba kikalegea. "Mimi nahesabu ng'ombe mia mbili bila karatasi. Wewe panya kumi na sita wataka kalamu?"

"Ripoti ina ukurasa wa shukrani," nikamjibu. "Jina langu litakuwemo. Tafuta mapema mtu wa kukusomea."

Karatasi ya kazi ilisema: Badilisha chupa kila asubuhi. Nilibadilisha. Nilitoa chupa za jana, nikazisugua, nikatundika nyingine safi, nikatia alama ya vema. Siku kumi na moja, vema kumi na moja.

Siku hiyo ya kumi na moja Kadra aliingiza tarakimu zangu kwenye kompyuta, akakunja uso.

"Wote wanachagua sukari mara tisa kwa kumi. Wazima, waliougua, hata homa ilipokuwa kali."

"Si vizuri?"

"Vizuri kupita kiasi. Wastani hausogei, wala hakuna panya aliyeyumba hata mmoja. Ndugu wa tumbo moja hawakubaliani hivi! Babu, chupa ulizibadilisha?"

"Kila asubuhi. Tazama vema."

Akapishanisha mikono hewani. "Ya kulia ikaenda kushoto, ya kushoto ikaja kulia?"

Niliitazama mikono ile. Nilihisi cheti changu kinaanguka ukutani.

Ningeweza kunyamaza, maana vema zangu zilikuwa za kweli kwa namna yake. Jumatatu Kadra angewapelekea wasimamizi ripoti kwamba homa haiachi huzuni, nami ningekaa kwenye shukrani. Lakini kazi yake ya mwaka mzima ingesimama juu ya uongo.

"Mjukuu wangu, nilibadilisha kwa maana ya kuweka safi. Sukari nimeiweka kulia siku zote."

"Kwa nini kulia?"

"Jina lenyewe halikwambii? Mkono wa kulia ni wa kulia chakula. Kitu kitamu nimpe kiumbe kwa kushoto? Marehemu mama angefufuka anichape."

Kadra akalaza paji la uso mezani, mabega yakitetemeka. Nilidhani analia, hiyo nayo kulia ya tatu, kumbe anacheka. Kisha akaacha kucheka.

"Hatujui kama wanafuata sukari au wamezoea upande tu. Ikibaki hivi, naanza upya mwakani."

"Zimebaki siku tatu. Tuhamishe leo."

Niliihamisha sukari kushoto kwa mikono yangu mwenyewe, nikiomba radhi kizimba baada ya kizimba.

Kufikia kesho yake, saba kati ya wale wazima wanane walikuwa wameifuata sukari kushoto. Waliougua je? Homa ilikuwa imewatoka, wanakimbia, wanakula, manyoya yanang'aa. Lakini sita kati ya wanane walibaki kulia siku zote tatu, wakinywa maji matupu, na sukari iko shibiri moja tu kutoka puani.

Kadra alipiga hesabu mara mbili, kisha akanigeuzia kompyuta. "Kama ugonjwa haukuacha kitu, tofauti kubwa namna hii ingetokea kwa bahati kama mara nne tu kwa mia. Si ushahidi kamili, ni dokezo. Itabidi turudie kwa panya wengi zaidi, chupa zikihama. Lakini Jumatatu nina cha kupeleka."

Ripoti ilipotoka alinipa nakala. Nikampa Godhana aende akasomewe na bintiye Muna, ambaye ni mwalimu. Alirudi mbio hadi mkahawani nilikoketi, furaha imemjaa.

"Tuneya! Muna anasema hapa si shukrani! Hapa ni 'Mapungufu ya Utafiti'! Umeandikwa kwa kosa lako!"

"Ukurasa wa thelathini na moja," nikasema, nikikoroga chai yangu. "Mstari wa nne. Jina kamili. Na makosa yako wewe, Godhana, nani amewahi kuyapiga chapa?"

Akakaa. Akafunga kilemba upya, polepole.

"Hao panya wapya," akasema mwishowe, "hamhitaji mtu wa kushoto?"