Pazia la Silva

Mwaka wa hamsini na sita, picha zile pana zilipofika Nakuru, sinema ya Bwana Virji iliingia giza. Mwanga uliotosha pazia la zamani sasa ulitandazwa upana maradufu, na nyuso za waigizaji zikafifia kama za watu walio nyuma ya moshi. Kiprugut, mwendesha mashine, aliongeza umeme. Vijiti vya kaboni vilivyowaka ndani ya taa vikawa vinaisha upesi, na bado watu walipiga miluzi.

Aliyepata dawa ni Nabalayo, mjane aliyefagia ukumbi na kushona pazia likichanika. Huko Bahati, kwenye shamba la mzungu, marehemu mumewe alikuwa akiyapaka matangi ya maji rangi ya silva, na Nabalayo alijua jinsi yalivyong'aa na kuchoma macho hata siku ya mawingu. Jumatatu moja ukumbi ukiwa umefungwa, alichanganya rangi ile na vanishi, akalipulizia pazia kwa pampu ya kunyunyizia ng'ombe dawa ya kupe. Kesho yake picha ilitoka kali kama mchana, na kaboni ikaliwa nusu tu ya kawaida.

Bwana Virji akauliza hii ni kazi ya nani.

"Yangu, bwana," akajibu Kiprugut, ambaye alikuwa ameona makopo matupu tu.

Wiki haikuisha kabla hajamshtaki Nabalayo kwamba anaiba kaboni, asije akafungua mdomo. Kikapu cha mama wa watu kikamwagwa kwenye ngazi, mbele ya foleni. Kilikuwa na leso, sufuria ya githeri na Biblia. Akafukuzwa hivyo hivyo.

Alirudi Bahati kulima. Kanisani walimwombea, wakamsihi asamehe. Aliitikia amina, lakini kila jembe aliloshusha shambani alilishusha juu ya kichwa cha Kiprugut.

Miezi sita baadaye, Kiprugut akaja kwa baiskeli. Bwana Virji alikuwa amenunua pazia jipya, kubwa zaidi, na wakubwa wa mji walialikwa Jumamosi kuliona.

"Mama, yaliyopita si ndwele," alisema. "Niambie tu, ile rangi ulipaka namna gani?"

Nabalayo aliendelea kupepeta maharagwe. "Si wewe ndiye ulipaka?"

"Mama, tafadhali."

"Brashi pana," akasema. "Juu kwenda chini, halafu upande kwa upande."

Alijua alichokuwa akisema. Silva ya brashi huacha kila mpako wazi. Kwenye tangi haidhuru mtu, lakini ikimulikwa na taa ya sinema haifichi kitu.

Jumamosi saa tisa alasiri alikata tiketi, akaketi kwenye benchi za mbele. Farasi mweupe alipotokea, alitoka na mistari kama punda milia. Walioketi pembeni waliona madoa meusi. Ukumbi ukaangua kicheko, wakubwa wakaondoka mmoja mmoja.

Taa zikawashwa. Bwana Virji alimwita Kiprugut mbele ya watu. "Mara ya kwanza uliweza. Leo umefanya nini?"

"Si mimi, bwana! Ni yule mama! Ndiye aliniambia nitumie brashi!"

"Na fundi anamwulizaje mfagiaji?"

Nabalayo akasimama.

"Kwa sababu mimi ndiye nilipaka la kwanza, bwana. Nimemdanganya makusudi, na ningemdanganya tena."

Bwana Virji akamwuliza kama anaweza kulitengeneza pazia.

"Naweza. Lakini pampu ataipiga yeye."

Jumatatu asubuhi Kiprugut alipiga pampu mpaka shati likalowa jasho, Nabalayo akiwa juu ya ngazi akipulizia.

"Nisamehe, mama," alisema kwa sauti ya chini.

"Piga pampu."

Mwezi huohuo Kiprugut aliacha kazi, akaenda Olkaria walikokuwa wakichimba visima vya mvuke. Habari zilipomfikia Nabalayo kwamba jua la kule linamkausha, aliomba aambiwe habari hiyo tena, polepole.